"Andika Maelezo": Kwa Nini Makosa ya Wodini Hayasemwi

Mgonjwa anayetoka Mgololo, upande ule wa Mufindi ambako kiwanda cha karatasi kilianza kumeza misonobari miaka ya 1980, hupita mikononi mwa watu wengi kabla ya kupona. Ataanzia zahanati au kituo cha afya. Akizidiwa atapelekwa Mafinga, kutoka Mafinga hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale Iringa, na yakishindikana huko, Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Kila anapopokelewa, jina lake linaandikwa upya, dawa alizopewa zinasomwa upya, na hali yake inasimuliwa upya na muuguzi anayemaliza zamu kwa muuguzi anayeianza. Na Nyanda za Juu Kusini ni nchi ya wajina: kukuta akina Sanga watatu au akina Chaula wawili katika wodi moja si ajabu hata kidogo.

Kosa likitokea katika safari hiyo, watu hugawanyika papo hapo. Upande mmoja unataka mtu afukuzwe kabla jua halijazama. Upande wa pili unasema watumishi ni wachache, vifaa hakuna, mwacheni. Katikati wako wananchi wasiojua wasimame wapi, na wengine wanadhani "utamaduni wa usalama wa mgonjwa" ni jina zuri la kulindana.

Sehemu ya mkanganyiko huu inatokana na kuchanganya mambo matatu. Lipo lalamiko: la mgonjwa au ndugu yake, linakwenda kwenye sanduku la maoni au kwa mganga mfawidhi. Ipo tuhuma: inakwenda kwa mwajiri, kwa Baraza la Madaktari Tanganyika au Baraza la Uuguzi na Ukunga, na inauliza kama mtu amevunja maadili ya taaluma. Halafu ipo taarifa ya kosa, ambayo mtumishi mwenyewe anaitoa ili mwenzake wa kesho asijikwae pale pale. Lalamiko na tuhuma zina wenyewe. Taarifa ya kosa ndiyo isiyo na mtetezi, na ndiyo inayozungumzwa hapa.

Mwaka 2007

Ukitaka kuelewa tulipo, rudi mwaka 2007. Yalitokea mambo matatu nchini ambayo ni nadra kuwekwa pamoja.

La kwanza kila mtu mzima analikumbuka. Mwezi Novemba, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili wenye jina moja la kwanza walibadilishwa. Aliyepaswa kupasuliwa kichwa alipasuliwa goti, na aliyekwenda kwa ajili ya goti akafunguliwa kichwa. Wa kwanza alifariki dunia. Wa pili alipelekwa India kutibiwa. Nchi ilitikisika, tume ikaundwa, waliohusika wakasimamishwa kazi.

La pili lilikuwa likiendelea miezi hiyo hiyo huko Ifakara, ng'ambo ya milima kutoka Mufindi. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ilikuwa miongoni mwa hospitali nane duniani zilizochaguliwa na Shirika la Afya Duniani kujaribu orodha ya hatua 19 za usalama wa upasuaji, pamoja na hospitali za miji kama London, Toronto na Manila. Hatua ya kwanza kabisa katika orodha hiyo, kabla ya ganzi: thibitisha mgonjwa ni nani, anapasuliwa nini, na wapi. Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Kwa hospitali zote nane kwa pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Kwa maneno mengine, wakati Dar es Salaam ikilia, karatasi ambayo ingeweza kuzuia kilio kile ilikuwa tayari njiani kujaribiwa ndani ya nchi hii hii.

La tatu ni la Mbeya. Mwaka huo huo Hospitali ya Rufaa Mbeya ikawa ya kwanza nchini kuanza utaratibu wa S tano na Kaizen, kwa msaada wa Wajapani kupitia shirika lao la misaada, JICA. Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia: maneno hayo leo yamebandikwa kwenye kuta za hospitali nyingi, makabati yana lebo, mafaili yamepangwa kwa rangi. Kaizen yenyewe ilizaliwa viwandani, na kwa Toyota ilikwenda sambamba na jambo ambalo halikubandikwa ukutani kwetu. Kule, mfanyakazi wa chini kabisa akiona kasoro anavuta kamba na mstari mzima wa uzalishaji unaweza kusimama, na bosi anakuja kuuliza kuna nini, si nani. Sisi tulipokea lebo. Kamba ilibaki njiani.

Karatasi ya maelezo

Tuingie wodi ya wazazi saa nane usiku. Wauguzi wawili, wagonjwa wanaozidi vitanda. Analetwa mama mwenye kifafa cha mimba. Dawa yake ni magnesiamu salfeti, na dozi ya kuanzia kwenye mshipa ni gramu 4. Lakini dawa iliyo kwenye kichupa ina nguvu ya asilimia 50, kwa hiyo muuguzi anavuta mililita 8, anaongeza mililita 12 za maji ya sindano, anapata mililita 20 zenye nguvu ya asilimia 20, kisha anaisukuma polepole kwa dakika kadhaa. Baada ya hapo inafuata dozi ya kwenye makalio, gramu 5 kila upande, na hiyo haichanganywi na maji kwa namna ile. Hesabu mbili tofauti za dawa moja, usiku, huku mgonjwa anatetemeka. Dawa ikizidi, mama anaweza kuacha kupumua.

Sasa chukulia kwamba muuguzi amevuta mililita 20 zote za dawa tupu, na mwenzake anaona kichupa cha maji bado kimefungwa. Anasema, "Dada, subiri." Sindano inamwagwa, inatayarishwa upya, mama anapona. Asubuhi, kwenye makabidhiano, litasemwa nini? "Kitanda namba sita, kifafa cha mimba, amepata dozi ya kwanza, hali inaendelea vizuri." Basi. Nusura ile, yaani kosa lililokamatwa kabla halijamfikia mgonjwa, imekufa pale pale kwenye ndoo ya taka. Wiki ijayo mwingine atavuta mililita 20 na hakutakuwa na jicho la pili.

Kwa nini asiseme? Kwa sababu kila mtumishi wa afya anajua kinachofuata kosa likijulikana. Ataitwa ofisini na kuambiwa maneno mawili: "Andika maelezo." Na maelezo hayo si taarifa, ni utetezi. Aliyeketi kuyaandika anajua yatawekwa kwenye faili lake, kwa hiyo anaandika kile kinachomkinga: kwamba alifuata taratibu, kwamba mgonjwa alifika hali ikiwa mbaya, kwamba ndugu walichelewa. Patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, inajazwa baada ya mtoto kuzaliwa, mistari imenyooka kuliko uchungu wowote uliowahi kuwapo duniani. Watumishi wenyewe wanakuita huku "kupika". Hospitali inabaki na kabati lililojaa karatasi, na hakuna hata moja inayoeleza kilichotokea.

Hapo ndipo ulipo uti wa suala zima. Makosa tunayoyajua ni yale yaliyoshindwa kufichika.

Wanaotaka adhabu

Hoja ya adhabu isidharauliwe, maana ina uzito. Kwanza ni ya haki: familia iliyompoteza mtu haiwezi kuambiwa "mfumo ndio ulioshindwa" halafu ikaridhika. Mfumo hauna uso wala hauombi radhi. Pili, wako watumishi wanaoingia zamu wamelewa, wanaodai chochote kabla ya kugusa mgonjwa, wanaomwacha mama anajifungua peke yake wakati wao wanachati. Hao hawahitaji semina.

Tatu, adhabu huamsha watu. Novemba 2015 Rais John Magufuli aliingia Muhimbili ghafla, akakuta wagonjwa wamelala sakafuni na mashine za uchunguzi hazifanyi kazi. Alimwondoa kaimu mkurugenzi, akavunja bodi. Mashine zikatengenezwa haraka. Asiyekiri kwamba hatua ile ilizaa matunda ya papo kwa papo hasemi kweli.

Lakini tazama ni tatizo la aina gani lililotatuliwa. Mashine mbovu inaonekana. Mgonjwa aliye sakafuni anaonekana. Dozi iliyozidi saa nane usiku haionekani mpaka aliyeitoa aseme. Adhabu inafaa kwa kilicho wazi. Kwa kilichofichika, inakizika zaidi. Na pale kiongozi wa kisiasa anaposimama mbele ya kamera na kumsimamisha muuguzi kazi, ujumbe hauishii kwa yule muuguzi. Unafika kila wodi, kutoka Mafinga hadi Tunduma: usijichongee.

Kenya iliona hilo Februari 2018. Katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, mgonjwa alipasuliwa kichwa kwa kosa kwa sababu lebo ya jina haikuwa yake. Wapasuaji waligundua baadaye kwamba damu iliyoganda waliyokuwa wakiitafuta haipo. Aliyepasua na wahudumu wengine walichukuliwa hatua, na Waziri Sicily Kariuki akamtuma mkurugenzi Lily Koros likizo ya lazima. Madaktari wenzao waligoma kukubali kwamba mpasuaji, aliyemkuta mgonjwa tayari amelazwa mezani, ndiye wa kubeba mzigo. Miaka kumi na ushei baada ya Muhimbili, kosa ni lile lile, na hatua ya kwanza ya umma ni ile ile. Kama kufukuza kungekuwa kinga, kungekuwa kumeshakinga.

Wanaotaka mfumo ulaumiwe

Upande wa pili unamtegemea sana James Reason, mwanasaikolojia wa Uingereza, aliyefananisha kinga za hospitali na vipande vya jibini vyenye matundu. Kwetu mfano wa chandarua unaeleweka zaidi. Tuseme umetundika vyandarua vitatu, kila kimoja kina tundu. Mbu anapita siku ile tu ambayo matundu matatu yamelingana. Ukimpiga kofi aliyelala karibu na tundu la mwisho, vyandarua bado vimetoboka.

Hoja hii imebadilisha dunia. Mwaka 1999 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilikadiria kwamba makosa ya kitabibu yanaua kati ya watu 44,000 na 98,000 kwa mwaka katika hospitali za nchi hiyo, na ikasisitiza kwamba wengi wa waliokosea ni watu wema waliokuwa wakifanya kazi katika mpangilio mbaya. Kwa nchi za kipato cha chini na cha kati, Shirika la Afya Duniani linanukuu makadirio ya matukio milioni 134 ya madhara hospitalini kila mwaka, na vifo milioni 2.6. Mwaka 2019 Septemba 17 ikafanywa Siku ya Usalama wa Mgonjwa Duniani.

Tanzania nayo imeonja njia hii. Tathmini ya vifo vya wajawazito, ambayo mwongozo wake wa 2015 ulijumuisha na vifo vya watoto wachanga, inawataka wajumbe wakae, wachambue kifo hatua kwa hatua, bila kutaja jina la mtumishi, bila kulaumu, bila kuaibisha. Takwimu za kitaifa zimeshuka kwa kishindo, kutoka vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 hadi 104 katika ule wa 2022. Itakuwa ulaghai kusema vikao hivyo ndivyo vilivyoleta yote. Vituo vya upasuaji wa dharura, magari ya wagonjwa na wafanyakazi wapya vimo. Ila vikao vimechangia kuwazoesha watumishi kukaa mezani na kuzungumza juu ya kifo.

Udhaifu wa mwongozo huo uko mahali ambapo waliouandika hawakuishi. Kutotaja jina kunawezekana Muhimbili, yenye mamia ya wauguzi. Katika kituo cha afya cha Mufindi chenye wakunga watatu, ukisema "zamu ya usiku wa Jumanne" umeshataja jina, ukoo na kanisa analosali. Tena mwenyekiti wa kikao cha kujifunza asubuhi ndiye huyo huyo anayejaza tathmini ya utendaji ya mtumishi na kupendekeza nani apande daraja. Hakuna mwongozo unaoweza kumfanya mtu asahau hilo. Zaidi ya hapo, kikao kinaitishwa mtu akishakufa. Ile nusura ya mililita 20 haina kikao.

Upo na udhaifu wa kimaadili. Neno "mfumo" ni pana mno, mvivu anaweza kujificha humo maisha yake yote. Ndugu wa marehemu wana haki ya kukasirika wanapolisikia.

Njia ya kati, na ugumu wake

Kati ya hizo mbili kuna msimamo unaoitwa utamaduni wa haki, na hautaki lawama ziishe, unataka zigawanywe. Aliyeteleza, kama muuguzi wetu wa usiku, anafarijiwa na mpangilio unarekebishwa. Aliyezoea kukata kona, mfano kutosoma jina kwenye mkono wa mgonjwa kwa kuwa "namjua huyu", anaonywa na kufundishwa. Aliyejua hatari na akaipuuza anaadhibiwa. Kipimo chake ni swali rahisi: je, mtumishi mwingine mwenye elimu ile ile, saa ile ile, na wagonjwa wale wale, angeweza kufanya hivyo hivyo? Kama ndiyo, ukimfukuza huyu umebadilisha jina tu kwenye orodha ya zamu.

Kinachousumbua msimamo huu ni hakimu. Nani anaamua kwamba hili ni kuteleza na lile ni kupuuza? Uingereza, yenye mabaraza na mawakili wa kutosha, ilikwama hapo. Dk. Hadiza Bawa-Garba, daktari wa watoto huko Leicester, alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia mwaka 2015 kwa kifo cha mtoto wa miaka sita kilichotokea 2011, siku ambayo wodi ilikuwa na upungufu wa madaktari na kompyuta zimezima. Januari 2018 alifutwa kwenye daftari la madaktari. Agosti mwaka huo Mahakama ya Rufaa ikamrudisha. Katikati ya sakata hilo madaktari wengi wa nchi ile walianza kuogopa hata kuandika tafakuri za kazi zao. Kesi moja ilitosha.

Denmark ilikata shauri kwa sheria. Tangu 2004 mtumishi wa afya analazimika kutoa taarifa ya tukio lenye madhara, na sheria hiyo hiyo inakataza taarifa ile kutumiwa kumwadhibu. Anayetaka kushtaki ashtaki kwa ushahidi mwingine. Karatasi ya kujifunza haiguswi. Sisi tunayo Sheria ya kuwalinda watoa taarifa ya 2015, lakini iliandikwa kwa ajili ya anayefichua uhalifu na maovu. Muuguzi anayesema "nilikosea dozi" hayumo katika fikra zake.

Wala si kweli kwamba jambo hili ni geni kabisa kwetu. Fomu ya njano ya madhara ya dawa, inayopokelewa na mamlaka ya dawa nchini, TMDA, na kabla yake TFDA, imejengwa juu ya wazo hilo hilo: andika mgonjwa kapata nini, tutatunza siri yako, kutoa taarifa si kukiri kosa. TMDA ina ofisi ya kanda Mbeya. Mtumishi anayejaza fomu ile haitwi kujieleza. Tofauti ni kwamba pale anayeshukiwa ni kidonge.

Kupima

Mizania inaelemea njia ya kati, kwa sharti moja ambalo kwa maoni ya mwandishi huyu halina mbadala: karatasi ya kujifunza itenganishwe na faili la nidhamu, na mkono unaovipokea usiwe mmoja. Hilo halihitaji Bunge ili lianze. Taarifa za nusura za Mufindi zinaweza kusomwa Iringa, za Iringa zikasomwa Mbeya, na watu wasiopandisha wala kushusha daraja la mwandishi, kisha zirudi chini zikiwa somo lisilo na jina: badilisheni mahali pa kuweka kichupa hiki, wekeni msomaji wa pili kwa dozi hii. Gharama yake ni muda wa watu ambao tayari hawatoshi, na kiongozi atakayevumilia kuona idadi ya makosa kwenye taarifa zake ikipanda. Itapanda kweli mwanzoni, na mwenye kupima hospitali kwa uchache wa makosa yaliyoandikwa atamfukuza mganga mfawidhi bora kuliko wote.

Orodha peke yake haitatuvusha. Mkoa wa Ontario, Kanada, uliilazimisha orodha ya upasuaji katika hospitali zake, na utafiti wa hospitali 101 uliochapishwa 2014 haukuona vifo vikipungua kwa kiwango cha maana. Karatasi ilijazwa vizuri. Kuweka tiki ni rahisi kama kubandika lebo ya S tano. Kigumu ni muuguzi wa mwaka wa kwanza kumwambia bingwa "Dokta, samahani, tusimame kwanza", na kesho yake akaingia kazini bila kuitwa ofisini.

Familia nazo zidai kilicho chao. Badala ya kuishia kuuliza nani kafukuzwa, ziulize nini kimebadilika tangu siku ile, na zijibiwe kwa maandishi. Denmark iliwaruhusu wagonjwa na ndugu nao kutoa taarifa tangu 2011; hakuna cha kuzuia hospitali zetu kufanya hivyo.

Na wewe msomaji, siku utakapolazwa mlangoni mwa chumba cha upasuaji, Mafinga, Iringa au Mbeya, muuguzi akakuuliza jina kwa mara ya tatu ingawa ameshalisoma kwenye faili, usimwone mjinga. Mtajie majina yako yote matatu, na umwonyeshe kwa kidole ni mguu upi.